Presha ya mtoto haisomwi kwa kipimo cha mtu mzima

Kliniki mtoto hupimwa uzito, pengine na urefu, kadi ikajazwa, akarudishwa mgongoni kwa mama yake. Presha ni nadra kupimwa, kwa sababu tumezoea kuiona kama maradhi ya wazee. Lakini huanza kunyemelea mapema. Utafiti ulioanza mwaka 1973 katika mji wa Bogalusa, jimbo la Louisiana nchini Marekani, uliwafuatilia watoto hadi utu uzima. Waliokuwa na presha ya juu kuliko wenzao wa umri wao ndio waliokuwa hatarini zaidi kuwa nayo ukubwani. Hatari, si hukumu: wapo wengi ambao kipimo chao kilishuka baadaye.

Tatizo ni kwamba namba tunazozijua, 120 kwa 80, hazimfai mtoto mdogo. Presha hupanda kadiri anavyokua, hivyo husomwa kwa umri, jinsia na urefu wake. Kwa mwongozo wa mwaka 2017 wa chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, mvulana wa miaka 5 akifika 103 kwa 63, au msichana 104 kwa 64, anastahili kuangaliwa zaidi. Kwa hiyo 115 kwa 76, ambayo mtu mzima angepongezwa nayo, kwa mtoto huyo si ya kupuuza. Kuanzia miaka 13 hutumika namba za watu wazima, na 130 kwa 80 inayojirudia huhesabiwa kuwa shinikizo la juu.

Kabla ya kuogopa namba, tazama mkanda. Mkanda mdogo kuliko mkono hupandisha kipimo kwa uongo, na mkubwa mno hukishusha. Mfuko wa hewa ulio ndani yake uzunguke mkono kwa asilimia 80 hadi 100, na upana wake usipungue asilimia 40 ya mzunguko wa mkono. Ukiona muuguzi anamvisha mwanao mkanda wa watu wazima, uliza kwa adabu kama upo wa watoto. Ni haki yako. Mtoto akae dakika 3 hadi 5, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini, mkono wa kulia usawa wa moyo. Mtoto mchanga apimwe akiwa ametulia au amelala, maana kilio peke yake hupandisha presha. Ikionekana juu, irudiwe siku nyingine, kisha nyingine tena, kabla ya kumpa mtoto jina la ugonjwa.

Mwongozo huo unashauri kila mtoto apimwe mara moja kwa mwaka kuanzia miaka 3. Jopo jingine la Marekani lilisema mwaka 2020 kwamba ushahidi wa kuwapima watoto wote wasio na dalili bado hautoshi. Kwetu, ambako vifaa ni vichache, naona tuanze na wenye sababu: watoto wanene kupita kiasi, wenye kisukari au maradhi ya figo. Wengine wasingoje hata miaka 3: njiti waliozaliwa kabla ya wiki 32, waliozaliwa na uzito mdogo sana, wenye kasoro ya moyo ya kuzaliwa, au wanaopata maambukizi ya mkojo mara kwa mara.

Kwa mtoto mdogo, presha ya juu mara nyingi ina chanzo chake, hasa figo. Uso ukivimba asubuhi na mkojo ukawa na rangi ya chai ya rangi, wiki chache baada ya kuumwa koo au kupata vidonda vya ngozi, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Maumivu makali ya kichwa pamoja na kutapika, kuona ukungu au degedege ni dharura. Usimpe kamwe dawa ya presha ya bibi yake.

Asiye na dalili huanzia jikoni na uwanjani: chumvi kidogo, soda chache, kucheza sana. Kila kipimo kiandikwe kwenye kadi pamoja na tarehe na urefu wake, maana daktari hawezi kuona mwelekeo kwa namba moja.