"Halijafika" au "Halikufika"? Tatizo la Jibu Linalopotea katika Foleni za Ujumbe

1.0 Utangulizi
Kila mwanafunzi wa sarufi anafahamu kwamba viambishi -ja- na -ku- vya ukanushi havibadilishani nafasi. "Jibu halijafika" huacha mlango wazi. "Jibu halikufika" huufunga. Makala hii inashikilia kuwa tofauti hiyo ndiyo ufunguo wa kutatua tatizo sugu la mawasiliano baina ya kompyuta: jibu linalochelewa au kupotea.

2.0 Mfano wa Nairobi
Huduma ya M-PESA ilizinduliwa na Safaricom mwezi Machi, 2007. Leo maduka mengi hupokea malipo yake kupitia tovuti. Tuchukulie mwanafunzi aliye ndani ya matatu kutoka Kangemi, akinunua kitabu katika duka la katikati ya jiji. Kompyuta ya duka hupeleka ombi na kujibiwa kwamba ombi limepokelewa. Mnunuzi naye hutakiwa kuingiza namba ya siri katika simu yake. Matokeo halisi huja baadaye, katika ujumbe wa pili.

Kati ya jumbe hizo mbili pana kimya. Ikiwa programu ya duka imepangiwa kusubiri sekunde 10 tu, nayo ikatafsiri kimya hicho kuwa "halikufika", itafuta agizo. Mnunuzi akimaliza kuingiza namba yake, fedha zitakatwa na kitabu hatakipata. Akirudia, atalipa mara mbili.

3.0 Vyanzo vya Tatizo
(i) Muda wa kusubiri kuwa mfupi kuliko muda wa kazi yenyewe.
(ii) Waombaji wengi kutumia foleni moja ya majibu, mmoja akachukua jibu la mwenzake.
(iii) Ombi kutekelezwa mara mbili. Katika foleni za Amazon SQS, kwa mathalani, ujumbe uliosomwa hufichwa kwa sekunde 30 isipopangwa vinginevyo. Programu iliyousoma isipoufuta kabla ya muda huo kwisha, ujumbe hujitokeza tena.

4.0 Utatuzi
Kwanza, kila ombi lipewe namba yake ya pekee, na jibu lirudi na namba hiyohiyo. Pili, muda wa kusubiri ukiisha, hali ya ombi iandikwe "haijulikani", wala si "imeshindikana". Kisha mfumo wa malipo uulizwe. Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-PESA, unaruhusu swali la namna hiyo. Tatu, ombi likirudiwa kwa sababu ya kimya, litumie namba ya awali, na mpokeaji apangiwe kukumbuka namba alizokwisha kuzishughulikia; hivyo halitazaa tendo la pili. Nne, jibu lililochelewa lisitupwe, kwa kuwa ndilo linaloeleza yaliyotokea.

5.0 Hitimisho
Suala hili si la wahandisi peke yao. Wengi wetu tutaitwa kutafsiri maneno yanayojitokeza katika simu za wananchi. Tukiandika "Malipo yameshindikana" pale ambapo jibu halijafika, tunamshawishi msomaji alipe tena. Tukiandika "Bado hatujapata jibu, tafadhali usilipe tena kabla ya kuhakikisha", tunalinda fedha zake. Kiambishi kimoja, basi, chaweza kuwa na thamani ya nauli ya mwezi mzima.