Mwana na Walimu wa Simu

Swali: Mama wa Kangemi anauliza afanyeje na mwanawe wa miaka 17, anayeshinda mtandaoni akifunzwa kwamba uanaume ni kumtawala mwanamke.

Jibu: Ampeleke Barabara ya Accra, katikati ya Nairobi. Novemba 2014 wanaume walimvua nguo mwanamke hapo hadharani, video ikasambaa. Tarehe 17 mamia waliandamana kutoka Uhuru Park, wanaume kadhaa wakiwemo, huku mitandaoni wengine, jambo la aibu kubwa, wakiwatetea washambuliaji. Mwezi uliofuata sheria ikabadilishwa: kumvua mtu nguo kwa nguvu ni kifungo kisichopungua miaka 10.

Asimnyang'anye simu, atajificha. Wasimame pale Barabara ya Accra, amuulize: angekuwepo siku ile, angerekodi, au angevua koti amsitiri?