Tume ya Haki za Binadamu Inapofika Shuleni: Mwongozo kwa Wakuu wa Shule

Mwongozo huu ni kwa walimu wakuu, wakuu wa shule za sekondari na maofisa elimu kata watakaopokea barua au ugeni wa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Tume imeundwa kwa ibara ya 129 ya Katiba, na kazi zake zinaongozwa na Sheria Na. 7 ya 2001. Hupokea malalamiko bila ada, na mtu yeyote anaweza kulalamika kwa niaba ya mtoto: mzazi, jirani, hata mwalimu mwenzako. Basi usihangaike kumsaka aliyepeleka habari. Kumwita mwanafunzi ofisini na kumbana aseme nani kamtuma ni kumdhulumu mara ya pili.

Lalamiko linalojirudia ni la viboko. Kanuni za mwaka 2002 ziko wazi: visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe katika daftari lake. Wachunguzi wataliomba daftari hilo mapema. Wakikuta ukurasa wa muhula mzima umejazwa kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, watajua umejazwa jana. Andika siku ileile: jina la mwanafunzi, kosa, idadi ya viboko, aliyeadhibu, kisha tia saini. Kofi, teke, kumpigisha mtoto magoti juu ya kokoto au kumchapa kichwani havina kanuni yoyote ya kuvitetea, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza adhabu za kikatili. Tukumbuke Agosti 2018, mwanafunzi wa shule ya msingi alipofariki Bukoba baada ya kupigwa na mwalimu. Shule inayoweza kuacha viboko kabisa na iviache. Kanuni zinaruhusu kuchapa, hazimlazimishi mwalimu.

Mashauri ya ukatili wa kingono yana njia yake, nayo haipiti kwenye kikao cha kamati ya shule. Mtoto akikueleza jambo la namna hiyo, msikilize mara moja, kwa utulivu, pamoja na mwalimu wa malezi anayemwamini. Usimrudishe kusimulia mbele ya walimu wengine. Asioge, nguo zake zisifuliwe; apelekwe Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, apewe PF3 na afike hospitali siku hiyohiyo. Kama ameumia sana, matibabu yatangulie. Mjulishe afisa ustawi wa jamii. Familia mbili zikija na maneno ya kuyamaliza nyumbani kwa fedha au ng'ombe, kataa, hata kama mwenyekiti wa kijiji ndiye amewaleta. Tangu 2016 anayempa mimba mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Msichana naye asifutwe: waraka wa Novemba 2021 unamruhusu kurudi darasani baada ya kujifungua.

Kuhusu michango, kumbuka jambo moja tu: mtoto harudishwi nyumbani wala hazuiwi mtihani kwa sababu mzazi hajalipa. Deni ni la mzazi.

Maofisa wakifika, waombe vitambulisho, wapokee, wape chumba cha kuzungumza na wanafunzi bila mwalimu kusimama mlangoni. Wana mamlaka ya kuita mashahidi na kudai nyaraka. Nidhamu ya mwalimu wa serikali inabaki kwa Tume ya Utumishi wa Walimu, na shauri lililo mahakamani Tume ya haki hailichunguzi. Ukiwa na shauri la aina hiyo, waonyeshe hati zake mapema.

Tume ikishatoa mapendekezo, mamlaka husika hutakiwa kueleza hatua ilizochukua ndani ya muda usiozidi miezi mitatu, na ikikaa kimya Tume inaweza kwenda mahakamani. Usisubiri mkurugenzi wa halmashauri akukumbushe. Andika taarifa yako mwezi wa kwanza, taja kilichotekelezwa na kilichokwama, kisha mwite mzazi aliyelalamika umsomee.