Stima ikipotea GCC ikijengwa

SWALI: Laptopu yangu ina RAM ya GB 4. Nikijenga GCC kutoka msimbo wake, inachukua usiku kucha, na stima ikipotea naanza upya. Nifanyeje?
Mwanafunzi, Mulot

JIBU: Usianze upya. Rudi kwenye folda ileile uandike `make`. Itaruka faili zilizokamilika. Ikilalamikia faili ya `.o` iliyokatika, ifute hiyo tu.

Kinachokula muda ni GCC kujijenga mara tatu, kisha kulinganisha zao la awamu ya pili na la tatu. Ukaguzi mzuri huo, ila kwa mashine yako ni anasa. Ili kuuruka safari ijayo, ukiwa na bando endesha `./contrib/download_prerequisites` ndani ya folda ya msimbo (hapa tuiite `gcc`). Italeta GMP, MPFR na MPC. Halafu fungua folda mpya kando yake, na humo uandike:

`../gcc/configure --prefix=$HOME/kompaila --disable-bootstrap --disable-multilib --enable-languages=c,c++`

Bila `--disable-multilib` utadaiwa maktaba za biti 32. Endelea kwa `make -j2`. Ukiweka `-j8`, RAM inaweza kuisha. Mwisho ni `make install`, bila sudo.

Kama unahitaji C++ ya darasani tu, na unatumia Ubuntu, `sudo apt install g++` inatosha.