Kabla ya kununua mashini, ita fundi aipime



Wengi kati yetu, wakipata feza ya mwisho wa kazi, wananunua mashini ya kusaga mahindi. Ni wazo zuri, maana bukari inapikwa kila siku. Lakini mashini nyingi zinazouzwa si mpya. Mwenye kuuza anaipaka rangi, anaiwasha mbele yenu, inalia vizuri, na feza inatolewa.

Kwetu dispansere alifika kijana mmoja, mkaba wa mashini umemkata vidole viwili. Baba yake alikuwa ameinunua majuma matatu tu mbele. Kifuniko cha mkaba hakikuwapo tangu siku ya kununua, na hakuna mtu aliyeuliza. Kama fundi angaliipima, angaliona kasoro hiyo, na bei ingalishuka vilevile.

Nani aipime?

Sherti awe fundi anayejua moteri, asiye ndugu wa mwenye kuuza, asiye na fungu katika biashara ile. Mpatane malipo yake mbele, kiasi kimoja kisichobadilika. Ukimlipa kwa kadiri ya bei ya mashini, atapenda bei ipande.

Apime nini?

1. Moteri ikiwa baridi. Mkifika mkaikuta imekwisha kupata moto, rudini kesho. Pengine asubuhi inakataa kuwaka. Moshi wa bluu unaonyesha kwamba inaunguza mafuta yake. Moshi mweusi: mazuti haiungui vizuri, ao mzigo umezidi. Mafuta yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia ndani.

2. Rulema, mkaba na vyombo vya kusagia: vimechakaa kadiri gani, na vya kubadilisha vinapatikana mjini?

3. Vifuniko. Mkaba na magurudumu yake sherti vifunikwe, na mtu aweze kuzima mashini upesi.

4. Kelele. Mkisimama mbali ya metre moja na sherti mpaaze sauti ili kusikilizana, masikio yako hatarini.

5. Moshi. Ndani yake mna gazi isiyo na rangi wala harufu. Inaumiza kichwa, inaleta kizunguzungu na kutapika, kisha inaua. Bomba la moshi sherti litoke nje, mbali na madirisha. Moteri isiwashwe kamwe ndani ya nyumba iliyofungwa.

Bei inahesabiwaje?

Fundi aulize bei ya mashini mpya ya namna ile, na bei ya zingine zilizotumika miaka sawa. Kisha atoe gharama ya matengenezo. Tuseme zile zilizo nzima zinauzwa dola 900. Hii inakosa kifuniko, na rulema zimekwisha. Kuitengeneza ni dola 250. Basi thamani yake ni dola 650, hata kama rangi inang'aa.

Yote aandike kwa karatasi: jina la mashini, namba yake, tarehe, kasoro, bei, na sahihi yake. Karatasi hiyo itawasaidia mkibishana bei, na hata siku mtakapoiuza ninyi wenyewe.

Akina mama, msione haya kuuliza: «Fundi ameipima?» Feza ya fundi ni kidogo. Mashini mbovu inaweza kutengenezwa, lakini kidole kilichokatika hakuna duka linalokiuza.