Pikipiki ya koperative inakataa kuwaka asubui: tuanze kuangalia wapi?



Leo tunaacha mbegu na mboleo kidogo, tunaongea juu ya pikipiki. Wengine watauliza agronome anatafuta nini kwenye motere. Kahawa nyekundu ikishachumwa, inapaswa kupita kwenye mashine ya kuondoa maganda siku ile ile. Ikilala ndani ya gunia mpaka kesho, inachacha, na bei inaanguka. Msimu uliopita, kwenye koperative moja upande wa Kalehe, tulipiga kiki tangu saa kumi na mbili ya asubui mpaka saa tatu, tukipokezana na vijana wawili. Wamama walikuwa wanangoja juu ya kilima na magunia yao, na mpimaji alikuwa chini pamoja na sisi, mzani kwa bega.

Pikipiki yenyewe ilikuwa Yamaha AG100, ile tunaona sana kwa mashirika. Iko na nguvu, inapanda matope. Lakini motere yake ni ya mapigo mawili, na pikipiki nyingi tunazopanda sasa kwenye barabara zetu ni za mapigo mane. Vijana wetu mafundi wamejifunza kazi kwa hizo za mapigo mane, na hapo ndipo feza ilipotea. Koperative ilikuwa imekwisha kununua karbiratere mpya, kisha pistoni na segma zake, na pikipiki ilikuwa ingali inakataa. Tutarudia habari hiyo.

Motere yoyote ya esansi inaomba vitu vitatu: esansi iliyochanganyika vizuri na hewa, moto wa buji wenye nguvu, na pistoni inayokandamiza vizuri. Kwa mapigo mawili kuna jambo moja zaidi. Esansi na hewa vinapita kwanza chini ya pistoni, ndani ya karteri, mbele ya kupanda juu na kuungua. Kwa hiyo karteri inapaswa kuwa imezibwa kabisa pande zote. Mshike neno hilo.

Mbele ya kushika ufunguo

Robine ya esansi iko wazi? Kifungo cha kuzima kiko mahali pake? Musicheke, tumekwisha kutembea kilometa kumi na mbili kwenda kusaidia watu, na ilikuwa robine. Kisha muangalie esansi. Ile ya kununua kwa chupa pembeni ya barabara mara nyingine iko na maji. Mimina kidogo ndani ya chupa nyeupe, iache itulie: maji yatashuka chini na mtaona mpaka wake. Na kama pikipiki inawaka, inatembea kidogo, kisha inazimika, fungua kifuniko cha tanki. Ikiwaka tena, basi ni kale katundu ka hewa ka kifuniko kamezibwa na vumbi.

Pikipiki iliyolala wiki nyingi bila kazi ni mambo mengine. Esansi inakauka ndani ya karbiratere na kuacha utomvu unaoziba jigleri ndogo. Hapo, ndiyo, karbiratere ifunguliwe na isafishwe kwa esansi safi na kupulizwa. Hapana kuingiza waya: waya unapanua tundu, na kisha hapo pikipiki itakunywa esansi bila kipimo.

Buji inasema ukweli

Piga kiki mara kumi, kisha toa buji mara moja uisome. Ikiwa kavu kabisa, esansi haifiki: rudia kwa robine, mrija, karbiratere. Ikiwa imelowa, gusa kwa kidole. Esansi inanuka na inakauka upesi. Mafuta mazito yanabaki yanateleza. Kama ni esansi, motere imezama. Funga robine, rudisha starteri, fungua gazi yote, piga kiki mara kadhaa, kisha panguza buji na ujaribu tena. Buji nyeusi yenye masizi makavu inaonyesha esansi nyingi kuliko hewa: muangalie filtri ya hewa, ju vumbi la kiangazi linaijaza, tena muulize kama dereva hasahau starteri ikiwa imevutwa. Buji ya motere yenye afya iko na rangi ya kahawia.

Kwa kupima moto, rudisha buji ndani ya kofia yake, ulaze chuma chake juu ya motere, mbali na tundu, na mwenzako apige kiki. Moto wa bluu unaolia ni mzuri. Mwekundu na mwembamba ni mbaya: jaribu buji mpya mbele ya kulaumu kitu kingine. Hapana kufanya kazi hii kama esansi imemwangika, na tundu lifunikwe na kitambaa. Motere ikiwa imezama, mvuke wa esansi unatoka humo na unaweza kuunguza mikono na uso.

Buji ikiwa inje, ziba tundu kwa kidole gumba, mwenzako apige kiki. Hewa inapaswa kusukuma kidole kwa nguvu. Kama haisukume, segma zimechoka, na hapo tu ndipo tunaongea habari ya pistoni.

Turudi Kalehe

Buji ya ile pikipiki ilikuwa imelowa mafuta mazito, na kidole kilisukumwa vizuri. Tulimuuliza dereva kama pikipiki inatoa moshi. Akasema mwingi, mweupe, na tena kila wiki mbili anaongeza mafuta ya gia. Hakuwa amemwambia mtu, ju kwa pikipiki ya mapigo mane motere inayozeeka inakula mafuta na watu wanaongeza tu. Lakini kwa mapigo mawili, mafuta ya gia yanakaa peke yake, hayana njia ya kwenda kuungua. Kama yanapunguka na hayavuje chini, basi karteri inayavuta. Ule mpira wa duara unaoziba vilibrekeni upande wa klachi, mafundi wanaita joint spi, ulikuwa umekauka na kupasuka. Kila usiku mafuta yalipenya ndani, na asubui buji ilikuwa inakunywa.

Mpira wa upande mwingine, wa vola, nao ukipasuka unaingiza hewa badala ya mafuta. Dalili zake ni kinyume: buji nyeupe, motere inalia juu peke yake hata gazi imefungwa. Pikipiki ya namna hiyo isitembezwe, ju inaweza kukwamisha pistoni.

Mpira ule ulikuwa na bei ndogo sana karibu na ile karbiratere. Kuubadilisha ni kazi ya fundi anayejua mapigo mawili. Tulimtafuta siku mbili.

Neno la mwisho ni la mafuta. AG100 iko na pompe inayochanganya yenyewe: mafuta ya mapigo mawili yanawekwa ndani ya tanki yake ndogo, hapana ndani ya esansi. Kwa pikipiki isiyo na pompe, fuata kipimo cha kitabu chake. Kikisema 1 kwa 50, ni mililita 20 kwa litre moja ya esansi, ni kusema sirengi ya mililita 10 mara mbili, ile ile tunatumia kwa kuchanja mbuzi, lakini muwe na moja ya pikipiki peke yake.