Kibanja kikiwa rehani: Msaada upo kabla ya mnada

Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa nyumba haiuzwi peke yake. Nyumba imo ndani ya kibanja, na kibanja kina migomba na mibuni, na mara nyingi pembeni yapo makaburi ya wazee. Kwa hiyo mtu anapoambiwa kwamba rehani yake itauzwa, anaambiwa kwa mara moja kuwa atakosa mahali pa kulala, chakula cha watoto, na hata zao ambalo lingemlipia deni lenyewe.

Deni hilo huanzaje? Ada ya shule imefika, kahawa bado ni maua. Mkulima anauza butura, yaani anauza kahawa iliyo mtini kwa bei ya kutupa, na msimu ukifika hana cha kupeleka chama cha msingi. Hapo anawakimbilia wakopeshaji wale ambao wananchi wenyewe wamewaita kausha damu. Riba ni haramu, hilo halina mjadala. Lakini aliyekwisha kuzama anahitaji kamba kwanza, mawaidha baadaye.

Jambo la kwanza ni kuitazama upya karatasi uliyotia saini. Je, ni mkopo au ni mauziano? Wapo wakopeshaji wanaomwandikia mkopaji hati ya kuuza kibanja, wakimwambia kuwa "ni utaratibu tu". Siku ya kulipa ikipita, mkopeshaji anajitokeza akiwa mnunuzi. Usikate tamaa kwa hilo. Ujumbe wa simu, kumbukumbu za fedha ulizorejesha na mashahidi waliokuwepo vinaweza kuonyesha kuwa lilikuwa deni. Aidha, mauziano ya ardhi ya kijiji yanahitaji idhini ya Halmashauri ya Kijiji, na saini ya mwenyekiti peke yake siyo idhini ya Halmashauri. Uliza pia kama mkopeshaji ana leseni, kwani Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka awe nayo.

Ikiwa ni rehani ya kweli, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, pamoja na marekebisho ya mwaka 2008, inamtaka mkopeshaji atoe notisi ya maandishi ya siku 60 kabla ya kuuza. Nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi anayeishi humo. Hapa wanawake wengi hawajui nguvu waliyonayo! Mume aliyeweka rehani kimyakimya hajafunga mlango, na mke anaweza kuipinga rehani hiyo. Mnada wa ardhi nao lazima utangazwe hadharani kwa siku zisizopungua 14, na mkopeshaji ana wajibu wa kutafuta bei nzuri. Bei ikishuka kwa asilimia 25 au zaidi chini ya bei ya soko, sheria inachukulia kuwa wajibu huo umevunjwa, mpaka yeye athibitishe vinginevyo.

Sasa, nani atayasema haya kwa niaba ya mtu asiye na fedha ya wakili? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria, ambao hutoa ushauri na kusaidia kuandika barua bila malipo. Hawawezi kukusimamia mahakamani kama wakili, ila wanaweza kukuelekeza kwa taasisi yenye mawakili wa kujitolea. Nenda kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri yako, Kayanga kwa watu wa Karagwe na Rubwera kwa watu wa Kyerwa, uulize nani amesajiliwa karibu nawe. Baraza la Kata ni la gharama ndogo pia, lakini tangu mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu. Amri ya kusimamisha mnada inaombwa Baraza la Ardhi na Nyumba au mahakamani, na mnada ukishapita kazi inakuwa ngumu mno.

Misikiti nayo ina sehemu yake. Wenye madeni wametajwa miongoni mwa mafungu manane ya zaka katika Surat Tawba, aya ya 60, na Al-Baqara aya ya 280 inataka mdeni mwenye dhiki apewe muda. Kwa nini basi imamu na wazee wawili wasiende na mdeni kwa mkopeshaji, kuomba marejesho yasogezwe hadi mavuno ya kahawa? Mkopeshaji mwenye hesabu nzuri anajua kuwa fedha ya msimu ni bora kuliko kesi.

Jihadhari na dalali anayekuja jioni akidai ana mtu wake benki na anataka "chochote kidogo". Usitie saini karatasi mpya kabla mtu mwingine hajaisoma. Na notisi ikifika, usiifiche kabatini kwa aibu. Andika juu yake tarehe uliyoipokea, kwa kuwa siku zile 60 zinahesabiwa kuanzia hapo.